Usifurahie Wakiitikia Sana

Faila, mama wangu,

Umeenda kwa shangazi yako kusukwa nywele, na ninavyomjua shangazi yako, hutarudi kabla hajamaliza habari za Kasongo nzima. Basi nimepata nafasi. Nimekaa barazani na kalamu ya baba yako, sombe iko motoni, na kesho alfajiri motari atakuja na pikipiki yake kukupeleka Salamabila. Sitaandika mambo ya chandarua wala ya kuchemsha maji. Wewe ndiye muuguzi, na hayo nimekuambia wiki nzima mpaka baba yako akaniuliza kama unahamia mwezini. Nataka kukuandikia juu ya Jumamosi.

Jumamosi utasimama huko mbele ya wachimbaji wa dhahabu uwaombe waache kuchoma zebaki ya kunasia dhahabu, ile wao wanaita merkiri, ndani ya nyumba zao. Kati ya hao watu atakuwamo kaka yako, yaya Amisi, ambaye anachomea dhahabu yake kwenye mbabula ileile ambayo mkewe Zainabu anapikia bugali. Na moshi ule anaupumua ndoyi wangu, yule mtoto wao mchanga aliyepewa jina langu. Nimeshamwambia Amisi, nimeshindwa. Wewe hutashindwa. Sisemi hivyo kwa sababu wewe ni mtoto wangu, ingawa na hiyo imo. Nasema kwa sababu kazi ya kusimama mbele ya watu niliifanya miaka, na makosa yake mengi nimeshayamaliza mimi, kwa hiyo wewe itabidi utafute mapya.

Kwanza nikucheke kidogo. Jumapili ulipofanya mazoezi hapa uani, ulilinyanyua lile sanduku lako la picha, makaratasi yale magumu ya kufundishia, mpaka uso wako ukapotea. Ukawa unasoma maandishi ya nyuma, na sisi mbele tukaona picha ya mapafu yenye miguu ya Faila. Baba yako akasinzia. Ukaongeza sauti. Akaanza kukoroma, ukaongeza tena! Mwanangu, mtu aliyelala haamki kwa kelele za namna hiyo, anageuka upande mwingine tu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nawe ukanuna hadi jioni. Usinune. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na tena mimi nilipewa megafoni.

Ulikuwa mdogo wakati ule. Nilikuwa animatrisi, mhamasishaji wa shirika moja la kilimo, nakuacha kwa bibi yako na kwenda vijiji vya Kabambare nyuma ya pikipiki, mvua inanipiga, megafoni nimeifunga ndani ya kikwembe changu cha kiunoni isilowe. Nilijiona mtu! Nikifika, naanza kwa Kifaransa kidogo ili wajue nimesoma, kisha Kiswahili, kisha nachomeka Kibangubangu changu kibovu, wanacheka, nami nahesabu kicheko kile kuwa mafanikio. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe lilikuwa na betri.

Siku moja, katika kijiji kimoja njia ya kwenda Kabambare, baba mmoja alikaa mstari wa mbele akasinzia. Nikamkasirikia. Nikasema kwenye megafoni, «Jamani, huyu baba amekuja kulala, nani amletee mukeka?» Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka, hata watoto. Yule baba akafumbua macho, akasema, «Samahani, mama,» akakaa sawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Baadaye kapita, mkubwa wa kijiji, akanivuta pembeni akaniambia kwamba yule mtu alikuwa ametoka matanga, walimzika mjukuu wake, na alikuja kwenye mkutano wangu kwa sababu tu alikuwa ameahidi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilienda kwake kuomba radhi, akanipa kiti, akasema, «Haukujua, mama.» Ni kweli sikujua, lakini ningeuliza asubuhi ile ningejua.

Kwa hiyo wewe ukifika Salamabila uliza kwanza. Wiki hii kumetokea nini? Kuna shimo limeanguka? Kuna mtu amepata, kuna mtu amepoteza? Mtu akija kwenye mkutano anakuja na siku yake yote mgongoni. Ukiijua siku hiyo, utajua mahali pa kuanzia, na utajua pia mzaha gani uuache mdomoni.

Sasa nikupe kosa langu kubwa, lile lililonigharimu msimu mzima. Unajua tulivyofundishwa masomoni. Mwalimu anaanza neno, kalasi inamalizia. Mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Tulikuwa na ugonjwa wa mihogo, majani yanajikunja na kuwa na madoa ya njano, na kazi yangu ilikuwa kuwaomba watu wasipande tena vijiti vya shamba lililougua. Nikisimama nasema, «Mihogo yenye ugonjwa tuna…?» Kijiji kizima: «…ng'oaaa!» «Vijiti vyake hatu…?» «…paaandi!» Makofi, vigelegele, kuku wanakimbia. Na sauti ya juu kuliko zote ilikuwa ya Mama Mwayuma, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye alikuwa akimalizia neno hata kabla sijalianza. Nilirudi Kasongo nikamwambia mkubwa wangu kwamba kijiji kile kimekwisha kuelewa.

Msimu uliofuata nikarudi. Nikapita shamba la Mama Mwayuma. Wallahi, Faila, alikuwa amepanda vijiti vilevile vya ugonjwa, mistari imenyooka vizuri kabisa! Nikaenda kwake damu imepanda kichwani. Alikuwa anamenya mihogo, akaniona, akafurahi, akanisukumia kibao nikae. Nikamwambia, «Mama Mwayuma, si wewe uliyepiga kelele kuliko wote?»

Akasema, «Njo mimi.»

«Sasa kwa nini umepanda vile tulivyokatazana?»

Akaacha kumenya. Hakuwa na haya, alinishangaa tu. «Mama, wewe ulitoka mbali. Mvua ilikupiga, ulikuwa unatetemeka. Unauliza kitu mbele ya watu, sisi tunyamaze? Tungekuacha na haya namna hiyo? Tulikusaidia.»

Nilikaa pale, kisu chake kikaanza tena kazi. Makofi yote yale, vifijo vyote vile, nilikuwa nimepokewa. Wale watu walikuwa wananikaribisha. Kwetu mgeni hapewi hapana, anapewa kuku na anapewa ndiyo. Mimi nikavila vyote viwili nikaondoka nimeshiba.

Nilihuzunika, sikufichi. Nililia njiani kuelekea kwa kapita. Nilijiona nimepoteza miaka nikiwachosha watu wenye adabu. Lakini Mungu si Athumani, kama alivyozoea kusema bibi yako. Nilipofika kwa kapita nikakuta kesi. Mbuzi wa mtu ameingia shamba la mtu, basi. Jambo dogo. Na watu walikuwa wamejaa! Wale wale waliokuwa wakichungulia jua kwenye mikutano yangu walikuwa wamesimama, wamekunja mikono, wanafuata kila neno. Mvua ikaanza, hakuna aliyeondoka. Mwenye mbuzi akisema, nusu wanaguna. Mwenye shamba akijibu, nusu nyingine wanaguna. Mama mmoja mtoto wake alilia, akampa titi bila hata kumtazama. Nikasema moyoni, kumbe masikio wanayo. Mtu wa kwetu ataacha chakula, lakini kesi hataiacha kabla haijaamuliwa.

Ilipoisha nikamwomba kapita ruhusa. Nikasema, «Na mimi nimekuja kushitaki.»

«Unashitaki nani, mama?»

«Mihogo.»

Wakacheka, lakini waliokuwa wanaondoka wakarudi. Nikaenda kung'oa mti mmoja wa mihogo wenye majani yaliyojikunja, nikauegemeza kwenye kiti mbele ya watu wote. Megafoni niliiacha kwa kapita, na picha hata sikuzifungua. Nikaeleza mashitaka yangu kwa ufupi, kwamba huyu mshitakiwa ameingia mashambani, anakula nguvu ya mihogo chini kwa chini, na anaambukiza wenzake. Kisha nikauliza nani atamtetea. Kimya. Nikafungua fundo la kikwembe changu, nikalifunga upya, taratibu. Hiyo ishike, Faila. Ukiuliza kitu usijijibu mwenyewe. Funga kikwembe upya, na ukimaliza kukifunga kuna mtu ameshafungua mdomo.

Aliyesimama alikuwa Mama Mwayuma. Akaniambia mbele ya watu wote, bila adabu yoyote ya mgeni, «Huyu muhogo unayemshitaki alilisha watoto wangu. Mbegu yako ya shirika tuliiona kwa jirani. Majani yake hayafai sombe, ni machungu. Na mimi niking'oa shamba langu leo, mwezi ujao watoto wakule nini? Megafoni?»

Watu walipiga kelele! Na mimi, badala ya kuona haya, nilifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anazungumza na mimi. Habari ya sombe sikuwa nimewahi kuisikia. Habari ya njaa ya kati, kabla mbegu mpya haijazaa, nilikuwa nimeiruka. Nilimjibu nilichojua, na nisichokijua nikasema sikijui. Mwanaume mmoja akaingia, akasema yeye aling'oa upande mmoja tu wa shamba na upande ule sasa ni mzuri. Wakabishana bila mimi. Nilikaa chini kabisa. Mwishoni kapita akaamua kwamba kila mtu ang'oe upande mmoja, aache mwingine wa kula, na mbegu mpya ipandwe mbali kidogo, tuone. Sivyo nilivyotaka mimi, mimi nilitaka wang'oe yote. Lakini lile walilolikata wenyewe walilifanya, na Mama Mwayuma akafanya kabla ya wengine, kwa ubishi tu wa kuona mbegu yangu itatoa sombe gani.

Tangu siku hiyo sikuhutubia tena. Nilipeleka kesi. Kesi ya panya wa ghalani, kesi ya moto wa msituni. Hata kesi ya mume asiyepalilia, na ile ilikaribia kunivunjia ndoa za watu, usiijaribu.

Sasa Amisi.

Ungetegemea mama wa namna hii angejua kusema na mtoto wake. Alipokuja sikukuu iliyopita, niliona kikombe cha chai kinavyocheza mkononi mwake. Alisema ni uchovu wa pikipiki. Zainabu alikuwa ameshanieleza kwenye simu habari ya mbabula na moshi na kichwa kinachomuuma kila siku. Basi nikamkalisha hapa, penye kiti hiki, nikamfundisha. Nilimfundisha, Faila! Nikaanza, «Asiyesikia la mkuu…» naye akamalizia, «…huvunjika guu, mama, najua.» Kila nilichosema alisema ndiyo mama, ndiyo mama, aksanti mama. Akanibusu mkono, akaondoka. Zainabu akaniambia kwamba hata wiki haikuisha, alichoma tena ndani, mlango umefungwa, mtoto amelala.

Nililia kuliko nilivyolilia mihogo. Kijana wangu alikuwa amenipa ukarimu uleule wa Mama Mwayuma, na mimi mwenye elimu yote hiyo niliupokea kwa mikono miwili.

Na unajua kwa nini anachoma ndani? Sikumuuliza. Ni Zainabu aliyeniambia baadaye. Ukichoma nje, macho ni mengi. Wanaona umepata, na usiku wanakuja. Yaya wako si mpumbavu, Faila. Anafunga mlango ili kuwakinga watu wake na wezi, na ndani ya mlango huohuo ndimo sumu ilimo. Ukisimama Jumamosi ukasema «wachimbaji hawajui madhara», utakuwa umempoteza kabla hujafungua sanduku lako.

Watu wa mashimo si watu wa Kabambare ya mihogo. Wana haraka, simu zinalia, pikipiki zinapita, anayeuza mandazi atapita katikati yenu na kila mtu atamtazama yeye. Usishindane naye. Nunua mandazi. Lakini wao pia wametoka vijijini mwetu, na kesi wanaijua. Weka mbabula kwenye kiti. Ishitaki. Na utetezi mpe Amisi.

Najua utashtuka. Utasema atakuaibisha. Mwache. Ana ulimi, aliuchukua kwangu. Atasema juu ya wezi, atasema juu ya washirika wasioaminika, na wanaume wote watamshangilia kwa sababu hilo ndilo lililo moyoni mwao. Wewe usikimbilie kumshinda. Mtu aliyeshindwa na mdogo wake mbele ya watu atachoma mara mbili jioni hiyo. Sikiliza, kisha uliza watu, «Basi ni wapi mtu anaweza kuchoma, wezi wasimwone na mtoto asiupumue?» Halafu nyamaza. Jibu sina mimi, na wewe huna. Wao wanajua kila kona ya pale, wanajua nani anaaminika na nani haaminiki, nao watalipata wakibishana. Uwe na maneno yako machache ya kweli tayari wakikuuliza, jinsi moshi ule usivyo na harufu ya kukuonya, jinsi unavyoingia kwenye ukuta na kwenye sufuria. Hayo unayajua kuliko mimi. Yaseme bila sanduku usoni, wakuone macho. Una macho ya mtu mkweli, hata ulipokuwa unaiba sukari ulishindwa kuyaficha.

Utaogopa, bila shaka. Mimi niliogopa kila mara mpaka siku ya mwisho ya kazi, na nisipoogopa nilijua siku hiyo nitasema vibaya. Nimekuona ukimtuliza mama wa mimba aliyekuwa anapiga ukuta kwa ngumi. Ulimuuliza jina la kifungua mimba wake, akaanza kukuhadithia. Kazi ndiyo hiyo hiyo, mama. Watu wamezidi tu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, na sombe imeanza kushika chini. Lakini simu imelia sasa hivi, ni Amisi, rezo nzuri, sauti kama yuko uani. Anataka kujua mtaanza safari saa ngapi, na kama nimekufungia samaki wa Nyangwe. Nikamwambia nimefunga. Akacheka, akasema juu yako, «Huyo muganga wetu aje tu, atuchokeshe na maneno.»

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Nikaimeza. Nikamuuliza, «Baba, mtoto analala upande gani, wakati unachoma?»

Hakujibu. Nilisikia pikipiki zinapita kwake, nikasikia watu wanaitana. Faila, unanijua mimi na kimya hatupatani, lakini nilikishikilia kile kimya kwa meno. Nilidhani rezo imekatika. Kisha sauti ikaja, ndogo, kama ya zamani alipokuwa na homa.

«Pembeni ya mbabula, mama. Usiku kunakuwaka na baridi.»

Kisha akasema tena, polepole, na safari hii hakuwa ananiambia mimi, «Pembeni kabisa.» Nikasikia anamwita Zainabu.

Hajaamua kitu. Usije ukafika ukadhani nimekufanyia kazi. Lakini mwanangu yuko huko sasa hivi anamtazama mtoto wake alipolala. Enda, mama. Fika umkute bado yuko macho.

Mimi mama yako.